Taarifa Zako Zikivuja: Anza na Lipi, Umalizie na Lipi

Somo hili linamhusu mtu aliyepata habari kwamba tovuti aliyojiandikisha imedukuliwa na taarifa za watumiaji wake zimechukuliwa. Wengi wakipata habari hiyo hubadili nywila ya tovuti ile peke yake, kisha wakatulia wakidhani kazi imekwisha. Kwa kawaida mdukuzi hana haja kubwa na tovuti yenyewe. Anachokitafuta ni milango mingine inayofunguka kwa ufunguo uleule, na ndiyo maana mpangilio wa hatua zinazofuata una uzito kuliko haraka ya kuzitekeleza.

Hatua ya kwanza: hakikisha habari ni ya kweli

Matapeli nao hutuma matangazo ya uvujaji, yakiambatana na kiungo cha kubadilishia nywila ambacho humpeleka mtu kwenye ukurasa wa bandia. Kwa hiyo usibofye kiungo chochote kilichomo ndani ya ujumbe huo, bali andika mwenyewe anwani ya tovuti kwenye kivinjari na usome huko. Unaweza pia kuingia kwenye huduma ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na Troy Hunt mwaka 2013, ukaandika anwani yako ya barua pepe na kuona imetajwa katika uvujaji upi unaojulikana.

Anwani yako isipoonekana humo, usichukulie kwamba u salama. LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi na ajira, ilidukuliwa mwaka 2012, na wakati huo zilizoonekana ni nywila zipatazo milioni 6.5, mwaka 2016 ndipo ilipobainika kwamba akaunti zilizoguswa zilizidi milioni 100. Yahoo nayo ilitangaza mwishoni mwa mwaka 2016 kwamba uvujaji wa mwaka 2013 uligusa akaunti bilioni 1, kisha Oktoba 2017 ikakiri kwamba ziliguswa akaunti zote, bilioni 3. Miaka yote hiyo kati ya wizi na tangazo, wenye akaunti waliendelea kutumia nywila zao bila wasiwasi.

Hatua ya pili: jua kilichovuja ni nini hasa

Tangazo lisomwe kwa makini, kwa sababu nywila na namba ya kadi ya benki hubadilishwa, lakini tarehe ya kuzaliwa, jina la mama na namba ya kitambulisho hubaki nawe. Vile vya kwanza unavibadilisha leo ukamaliza. Hivi vya pili utaishi ukijua kwamba kuna mtu anavifahamu, na kwa hiyo mtu akikupigia simu akakutajia tarehe yako ya kuzaliwa, hilo lisiwe tena ushahidi kwamba anatoka benki.

Kuhusu nywila, tovuti makini haihifadhi neno lenyewe. Hulipitisha kwenye hesabu isiyorudi nyuma, ikabaki na mfuatano wa herufi usioeleweka, na kabla ya hapo huongeza herufi za nasibu, ambazo mafundi huziita chumvi, ili watu wawili wenye nywila moja wasionekane kuwa sawa. LinkedIn ya mwaka 2012 haikutia chumvi hiyo. RockYou, kampuni ya programu za mitandao ya kijamii iliyodukuliwa mwaka 2009, ilikuwa imehifadhi nywila zaidi ya milioni 32 zikiwa wazi kabisa, kila mtu aweza kuzisoma. Kwa kuwa wewe huwezi kuchungulia ndani ya seva ya mtu, chukulia kwamba nywila yako imesomwa, hata kama tangazo linasema ilikuwa imefichwa.

Hatua ya tatu: barua pepe kabla ya kitu kingine chochote

Hapa naomba msomaji atulie. Karibu kila akaunti uliyo nayo, ukibofya "nimesahau nywila", hutuma kiungo kwenye barua pepe yako. Anayeishika barua pepe hiyo ameshika na nyingine zote, hata zile ambazo nywila zake hazikuvuja. Ibadilishie nywila iliyo ndefu na isiyotumika kwingine, kisha uingie kwenye mipangilio na ukague mambo matatu: orodha ya vifaa vilivyoingia, namba ya simu na anwani za kurejeshea akaunti, na kanuni za kusambaza ujumbe. Jambo la tatu ndilo linalosahaulika zaidi. Mdukuzi aliyekwisha kuingia anaweza kuacha kanuni ya kupeleka nakala ya kila ujumbe kwenye anwani yake, na kanuni hiyo huendelea kufanya kazi hata baada ya nywila kubadilishwa. Ifute, kisha uondoe vifaa vyote na uingie upya.

Hatua ya nne: nywila zilizorudiwa

Orodha zilizovuja hulishwa kwenye programu zinazojaribu jozi ya barua pepe na nywila katika tovuti nyingi kwa mara moja. Kuongeza tarakimu moja mwishoni mwa nywila ya zamani hakusaidii, maana programu hizo hujaribu na mabadiliko hayo pia. Kila akaunti ipate nywila yake, ukianza na za fedha. Kwa kuwa hakuna kichwa kinachoweza kukumbuka nywila mia, tumia programu ya kutunzia nywila.

Hatua ya tano: uthibitishaji wa hatua mbili

Huu ni utaratibu wa kutakiwa uthibitisho wa pili, kama namba ya muda, baada ya kuandika nywila. Uwashe kila unapopatikana. Programu ya simu inayotoa namba za muda ni bora kuliko ujumbe mfupi, kwa sababu tapeli anaweza kuihamishia laini yako kwenye kadi yake ya simu na kupokea namba hizo. Hata hivyo, ujumbe mfupi ni bora kuliko kukosa kabisa.

Kama namba ya kadi imevuja, piga benki kwa namba iliyochapwa nyuma ya kadi na uombe kadi mpya.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nimepokea barua pepe inayotaja nywila yangu ya zamani, na mwandishi anadai amenirekodi kwa kamera ya kompyuta yangu, eti nimlipe ndani ya siku mbili. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana kwa hofu uliyoipata. Kwa kawaida nywila hiyo imetoka kwenye orodha iliyovuja, na barua kama hiyo imetumwa kwa maelfu ya watu kwa wakati mmoja. Usilipe wala usijibu. Kama nywila ile bado inatumika mahali popote, ibadilishe leo.

Swali: Je, nikifuta akaunti, taarifa zangu zitafutika?

Jibu: Zilizokwisha kuchukuliwa hazirudi. Hata hivyo, kufuta akaunti usiyoitumia hupunguza kitakachopotea siku nyingine. Katika Umoja wa Ulaya, sheria iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018 inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zifutwe katika hali kadhaa, na inaitaka kampuni iiarifu mamlaka husika ndani ya saa 72 tangu igundue uvujaji, isipokuwa pale ambapo watu hawaelekei kupata madhara.

Swali: Kuna tovuti zinazokagua kama nywila imevuja. Si hatari kuiandika humo?

Jibu: Kwa tovuti usiyoijua ni hatari kweli, usiandike. Huduma ya nywila ya Have I Been Pwned hupitisha nywila kwenye hesabu isiyorudi nyuma ndani ya kifaa chako, ikatuma herufi 5 tu za mwanzo kati ya 40 za mfuatano unaopatikana, kisha ulinganisho unamalizikia kwako.

Swali: Jibu la swali langu la usalama, yaani jina la mama, limevuja. Nitabadilije jina la mama?

Jibu: Tovuti haijui mama yako anaitwa nani, wala haina haja ya kujua. Andika maneno yoyote ya kubuni, tofauti kwa kila akaunti, na uyahifadhi kwenye programu ya nywila kama unavyohifadhi nywila yenyewe.

Swali: Mzazi wangu ni mzee na hawezi programu hizo. Amekuwa akitumia nywila moja kila mahali.

Jibu: Keti naye, mwandikie nywila tofauti kwenye daftari, na daftari hilo alifungie ndani kabatini. Mdukuzi aliye mbali hawezi kulifikia. Mwanzie na barua pepe, na kabla hujaondoka mjaribu kuingia pamoja mara mbili, yeye akiandika kwa mkono wake mwenyewe.