Tiketi Mbili, Safari Moja: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kujiunganishia Ndege Ugenini

Ukitafuta tiketi ya ndege kutoka Nairobi, huenda umeshaliona hili: tiketi moja ya kukufikisha hadi mwisho wa safari bei yake inatisha, lakini ukinunua ya Nairobi hadi Dubai kwa shirika moja, kisha ya kutoka Dubai kwenda mbele kwa shirika jingine, jumla inashuka vizuri. Nafuu hiyo ni ya kweli na simlaumu anayeifuata. Ila kabla ya kulipa, shika jambo moja ambalo mengine yote yanatoka kwake: kwa shirika la kwanza, safari yako inaishia Dubai. Ndege yako ya pili hawaijui na hawawajibiki nayo. Wewe unajiona abiria wa kupita. Wao wanamwona mgeni anayeingia Falme za Kiarabu.

Kwa hiyo swali la kwanza ni la viza, saa zitafuata. Sanduku lako litatokea kwenye mkanda ulio upande wa pili wa uhamiaji, na huwezi kulifikia bila kugongewa muhuri wa kuingia nchini. Na hata kabla ya huko, mambo yanaweza kukwama hapa hapa Embakasi, kwenye uwanja wa Nairobi, JKIA. Mhudumu wa kaunta huangalia masharti ya pasipoti yako kwenye hifadhidata iitwayo Timatic, inayotumiwa na mashirika ya ndege duniani kote. Shirika likimpeleka mtu asiye na hati zinazotakiwa, hutozwa faini na kumrudisha kwa gharama yake, kwa hiyo mhudumu hana sababu ya kubahatisha. Ataona tiketi inayoishia Dubai na atauliza, "Mama, viza ya kuingia iko wapi?" Utamwonyesha tiketi ya pili kwenye simu. Huenda ikasaidia, huenda isisaidie. Usijenge safari yako juu ya huruma ya mtu ambaye nyuma yako ana foleni ya watu mia.

Kwa mwenye pasipoti ya Kenya, vituo havilingani hata kidogo. Entebbe, Kigali na Dar es Salaam ni kama nyumbani, maana ni Jumuiya ya Afrika Mashariki. Addis Ababa Mkenya huingia bila viza. Johannesburg nako kumefunguka tangu Januari 2023, Afrika Kusini ilipoanza kuwapokea Wakenya bila viza kwa hadi siku 90 kwa mwaka. Dubai inataka viza. Ipo ya kupita ya saa 48 na nyingine ya saa 96, lakini huombwa mapema kupitia mashirika ya ndege ya huko, kwa hiyo uliza kwanza kama shirika ulilochagua litakuombea. London ni ngumu zaidi: Uingereza humtaka Mkenya awe na viza ya kupita hata akibaki ndani ya uwanja bila kufika uhamiaji, isipokuwa kama ana mojawapo ya hati chache zinazomsamehe, na akitoka nje kuchukua mzigo anahitaji viza ya aina nyingine. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, zitakudai viza yao ukitaka kuufikia mkanda wa mizigo, na baadhi zina orodha zao za wanaohitaji viza hata kwa kubadilisha ndege tu. Marekani haina eneo la kupita kabisa. Kila anayetua hupita uhamiaji na kuchukua mzigo wake, hata kama anaendelea nchi nyingine saa tatu baadaye.

Maoni yangu hapa ni wazi. Ikiwa unalazimika kulipia viza na kuisubiri kwa wiki kadhaa ili uchukue sanduku na kulikabidhi tena kaunta nyingine, rudi ukanunue tiketi moja. Ile nafuu imeshaliwa.

Kuna wanaokwepa haya yote kwa kusafiri na begi la mkononi tu. Inawezekana, kwa masharti. Uwanja wenyewe uwe na njia ya abiria wa kuunganisha isiyopita uhamiaji, na uwe tayari na kadi ya kupandia ndege ya pili kabla hujaondoka Nairobi. Shida ni kwamba mashirika mengi humtaka abiria mwenye pasipoti inayohitaji viza akaonyeshe hati kaunta, hata kama amejisajili mtandaoni, na kaunta hiyo mara nyingi iko nje. Wapigie shirika la pili uulize moja kwa moja: je, mna dawati ndani ya eneo la kupita? Kisha pima begi lako kwa masharti ya shirika lililo kali zaidi kati ya yote mawili. Mengi husimamia kilo 7. Na ile asali unayompelekea shangazi haitapita kwenye ukaguzi, maana chombo chochote cha majimaji kinachozidi mililita 100 huachwa pale kwenye viwanja vingi, hata kama kimebaki nusu.

Kama una mzigo wa kukabidhi, uliza kaunta ya Nairobi kama wanaweza kuupeleka hadi mwisho. Mashirika yenye makubaliano ya kupokezana mizigo huweza kufanya hivyo, ingawa yako yanayokataa kwa tiketi zilizotengana hata wakati ndege zote mbili ni zao. Usiridhike na kutikiswa kichwa. Tagi inapofungwa kwenye mpini wa sanduku, isome kabla mkanda haujalichukua. Utaona herufi tatu kubwa. Zikiwa DXB peke yake, mzigo wako unashuka Dubai na ni juu yako kuufuata. Ukipelekwa mbele, tagi itaonyesha herufi za mwisho wa safari pamoja na za pale unapopita. Kile kipande kidogo unachobandikiwa nyuma ya kadi yako kitunze, kwa sababu mzigo ukipotea, hicho ndicho ushahidi wako. Mzigo ukichelewa, malalamiko ya maandishi yawafikie ndani ya siku 21 tangu uupokee. Ukiharibika, siku 7. Hayo yamo kwenye Mkataba wa Montreal wa 1999, na Kenya ni mwanachama.

Sasa saa. Tovuti ya uwanja ikikwambia dakika 75 zinatosha kubadilisha ndege, hesabu hiyo ni ya mwenye tiketi moja ambaye mzigo wake unahamishwa na wengine. Yako ni nyingine. Hesabu kutua na kushuka, foleni ya uhamiaji, kusubiri sanduku, kuhamia jengo jingine, kisha foleni ya kaunta ambayo kwa safari za kimataifa mara nyingi hufungwa dakika 60 kabla ya ndege kuondoka. Mtu mwenye saa tatu mkononi anagundua kwamba alikuwa na mbili tu, na ndege ya kwanza ikichelewa saa moja, basi. Mimi nisingeshuka chini ya saa tano katika uwanja mmoja. Na kama ndege ya pili ndiyo ya mwisho kwa siku ile, ningelala huko na kuondoka kesho yake. Tarehe 16 Aprili 2024 mvua ilifurika Dubai hadi uwanja ukashindwa kufanya kazi kama kawaida kwa siku kadhaa. Septemba 11 mwaka huo huo, wafanyakazi wa JKIA waligoma kupinga mpango wa kuukabidhi uwanja kwa Adani, kampuni ya India, na abiria wakakwama hapa hapa nyumbani. Wenye tiketi moja walikuwa na shirika la kuwapangia njia nyingine.

Hakikisha pia kwamba uwanja unaotua ndio unaoondokea. Istanbul kuna viwili, kimoja upande wa Ulaya na kingine, Sabiha Gökçen, upande wa Asia. London vipo vingi, na Heathrow na Gatwick haviko jirani hata kidogo. Dubai nayo ina DXB na DWC, na hata ndani ya DXB jengo la 2 liko mbali na jengo la 3, ng'ambo ya njia za kurukia. Linganisha herufi tatu za tiketi zote mbili. Jina la mji halitoshi.

Tarehe zinawaponza wengi kuliko inavyodhaniwa. Tiketi iliyoandikwa 00:40 tarehe 14 inamaanisha uwe uwanjani jioni ya tarehe 13. Sisi tunaohesabu siku kuanzia alfajiri huona tarehe 14 na kupanga kutoka nyumbani usiku wa tarehe hiyo, wakati ndege imeondoka karibu saa 24 kabla. Kumbuka vilevile kuwa kila saa iliyoandikwa ni ya mji husika: Dubai iko mbele yetu kwa saa moja.

Jina nalo. Wakenya wengi tuna majina matatu, na ukinunua tiketi kwenye tovuti mbili ni rahisi moja iandike mawili na nyingine yote, au la ukoo liwekwe mahali pasipo pake. Andika kama ilivyo kwenye pasipoti, kote kuwili. Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano usikiache: Kenya iko kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Afrika Kusini, kwa mfano, hukitaka kwa anayetoka huku, hata aliyepita tu kwa zaidi ya saa 12. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kudungwa na hudumu maisha yote, kwa hiyo anayekumbuka siku mbili kabla ya safari amechelewa.

Kuhusu fidia, usitegemee mengi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2004 inayowalinda abiria huitazama safari ya kuunganisha kama kitu kimoja pale tu iliponunuliwa kwa bukingi moja. Bima ya safari isome kwenye kipengele cha kukosa ndege ya kuunganisha: tafuta kama tiketi zilizotengana zimetajwa na ni saa ngapi wanazotaka ziwe katikati. Pesa ya dharura iwe kwenye kadi ya benki inayokubalika nje, nawe umeiarifu benki kwamba unasafiri. Salio la M-Pesa pekee halitakununulia tiketi kwenye kaunta ya ugenini.

Kitu kinachoumiza kuliko vyote ni hiki: tiketi ya pili ikiwa ya kwenda na kurudi, nawe ukakosa ile ya kwenda, kwa kawaida ya kurudi nayo hufutwa bila wewe kuambiwa. Kwa hiyo tiketi ya pili ndiyo ya kuongezea pesa kidogo ili iweze kubadilishwa, na uhifadhi simu ya shirika hilo pamoja na namba ya bukingi kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake.

Na ikitokea ndege ya kwanza imecheleweshwa ukiwa bado JKIA, fanya hesabu hapo hapo, usingoje kutua. Omba barua au ujumbe wa shirika unaothibitisha ucheleweshaji. Kisha pigia shirika la pili kabla ya saa ya ndege yao, maana abiria anayebadilisha mapema ana nafasi ya kusikilizwa, na asiyetokea kwa kawaida hupoteza tiketi. Kama hesabu inaonyesha wazi kwamba hutawahi, na viza yako kule ni ya saa 48 tu, ongea na kaunta ya Nairobi wakusogeze siku nyingine kabla hujapanda. Ukishatua ugenini bila tiketi ya kwenda mbele, saa za viza zinaanza kuhesabika na bei ya tiketi mpya ni ile ya siku hiyo hiyo.