Antena ya milimani isipande juu sana

Wenye leseni ya redio ya ridhaa hapa Uganda, mvua za Mlima Elgon zikianza, kwa mawasiliano ya dharura msitegemee redio za mkononi peke yake. Bududa, wilaya ya mlimani humo, ni mabonde na matuta. Wimbi la VHF, masafa ya redio hizo za mkononi, likigonga tuta, basi. Fungeni antena ya waya, kila upande mita 10, kwenye miti, kimo cha mita 3 hivi. Antena ikiwa chini hivyo, kwenye bendi ya mita 40 (masafa ya karibu 7000 kHz) mawimbi hupanda karibu wima, hugonga tabaka la juu la anga, kisha hurudi chini ng'ambo ya mlima, Mbale na hata Kampala. Huo ni mchana. Usiku hamieni bendi ya mita 80, waya uwe na urefu maradufu. Sikilizeni kwanza 7110 kHz, masafa ya dharura ya kanda yetu. Betri ya gari yatosha. Na ujumbe uandikwe kabla ya kubonyeza: mahali, idadi ya watu, kinachohitajika. Porojo baadaye.