Deta za viumbe wa Unguja na Pemba ziwe pamoja: anza na mstari mmoja, seva baadae

Kila nikikaa na watu wa mambo haya, wa bahari au wa misitu, swali la kwanza ni lile lile, "seva tuiweke wapi?" Yakhe, seva ni kitu cha mwisho. Kuna mradi mmoja, siutaji, ulinunua seva ya maana, ikawekwa chumba cha kiyoyozi peke yake kama bibi harusi, mradi ukaisha, domeni haikulipiwa, na leo deta za nyasi bahari za miaka minne ziko kwenye flashi ya mtu aliyeshahama ofisi zamani. Kwa hivyo hapa naeleza tunavyofanya sie kuziweka deta pamoja, kwa mpango wake, ingawa mpango wenyewe tumeupata kwa kukosea.

Kwanza chagua kiumbe mmoja. Usianze na viumbe vyote vya Zanzibar, utazeeka. Chukua pweza, au kima punju, au popo wa Pemba, yeyote ambaye zaidi ya ofisi moja wanamhesabu na kila mtu ana Eksel yake. Sie tulianza na pweza kwa sababu watu wa uvuvi wanamuandika, kamati za shehia zinazofunga mwamba kwa miezi kadhaa halafu wakaufungua zinamuandika, na vijana wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, wakija na utafiti wao wa digrii nao wanamuandika, pweza yule yule, madaftari matatu.

Halafu kabla hamjagusa kompyuta kaeni chumba kimoja, na kila mtu aje na mstari mmoja tu wa deta yake. Mmoja. Huu ulikuja kwetu, nauweka kama ulivyo:

pweza 3, Panza, 3/4, saa 2

Haya, uangalie vizuri. Tatu ni nini, vichwa au kilo? Panza ni diko, yaani pale pwani wavuvi wanaposhusha, au ni mwamba aliotolewa? 3/4 ni tarehe tatu mwezi wa nne, au simu ya muandikaji imewekwa tarehe za Kimarekani ikawa mwezi wa tatu tarehe nne, na mwaka uko wapi? Na hiyo saa 2 ndiyo balaa lenyewe, maana aliyeandika anakusudia saa mbili asubuhi, maji yameshatoka watu wako mwambani, lakini kompyuta ukiipa 2:00 yenyewe inaelewa saa nane za usiku, sasa pweza wote wa Panza wamechokolewa watu wamelala. Mstari huo mmoja tulibishana mpaka adhuhuri na chai ikapoa, na nakwambia kazi yenyewe ndiyo ile, yaliyobaki ni kubonyeza tu.

Mkishabishana msitunge kanuni zenu wenyewe. Ipo lugha ya pamoja inaitwa Darwin Core, ilipitishwa rasmi 2009 na TDWG, jumuiya ya kimataifa inayopanga viwango vya deta za viumbe, na usiiogope jina, ni orodha ya vichwa vya kolamu tu. Tarehe inakaa kwenye eventDate na inaanza na mwaka, 2024-04-03, hakuna wa kuuliza. Saa iandikwe kwa masaa 24. Kila rekodi ina namba yake isiyojirudia, occurrenceID, hiyo msiidharau, bila yake siku ofisi mbili zikituma pweza mmoja hamtajua kama ni mmoja au wawili. Vichwa viacheni kwa tahajia yao hivyo hivyo, ila fomu anayoiona mtu wa diko iwe Kiswahili mwanzo mwisho.

Majina yanataka subira. Changu kwa mvuvi ni changu, kwa mtaalamu ni samaki chungu nzima wa jenasi ya Lethrinus. Sie tuna kolamu mbili, moja jina kama alivyolisema mwenyewe na ole wake atakaelisahihisha, nyengine jina la kisayansi, na kama mtu hana uhakika aishie kwenye jenasi, si aibu. Majina ya kisayansi nayo yanabadilika, kima punju kwenye ripoti za zamani utamkuta Procolobus kirkii na sasa ni Piliocolobus kirkii, ukiyachanganya utapata kima wa aina mbili pale msitu wa Jozani. Viumbe wa baharini hakiki majina yao WoRMS, orodha ya mtandaoni ya majina ya viumbe wa bahari duniani, unabandika orodha nzima inakurudishia lile linalokubalika. Wa nchi kavu GBIF, hazina ya kimataifa ya deta za viumbe, wana chombo kama hicho.

GPS sasa. Sisi tuko kusini ya ikweta kwa hivyo latitudo yetu ina alama ya kutoa mbele, Jozani ni kama -6.26 na longitudo 39.41. Ukiisahau ile alama kima wako yuko Ethiopia. Ukigeuza namba mbili zile, anaruka mpaka Hispania, karibu na mji wa Cáceres. Mimi nimewahi kuwapeleka huko kima thalathini na moja kwa siku moja, bosi ndiye aliyegundua, nami nikaambiwa niwafuate. Dawa yake nyepesi: kila faili likija lifungue QGIS, programu ya ramani ya bure, juu ya ramani kabla hujalipokea, dakika mbili tu.

Kukusanya tumieni KoboToolbox, programu ya fomu za kujaza, inafanya kazi kwenye simu ya kawaida bila bando, ukifika penye mtandao inatuma. Pale inapowezekana weka orodha ya kuchagua, usimpe mtu nafasi ya kuandika, maana Kisiwa Panza peke yake tumeshaiona kwa tahajia sita. Madaftari na Eksel za zamani zisafishwe kwa OpenRefine, inakukusanyia tahajia zinazofanana.

Nakala ziwe tatu, moja Unguja, moja Pemba, moja klaudi. Anayeona hii ni anasa akumbuke kile kiza cha Unguja, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme hakuna miezi mitatu, aliyekuwa na kila kitu kwenye kompyuta moja ya ofisi alikaa akiitazama. Na pasiwedi kuu washike watu wawili wa ofisi mbili tofauti.

Si kila kitu cha kuanika. Paa nunga anawindwa, ukiweka alipo kwa mita umemchorea muwindaji ramani. Mahali kama hapo tunapunguza desimali ibaki moja, yaani eneo la kama kilomita 11, na tunaandika wazi kuwa tumepunguza ili mtafiti asije akadhani ndiyo kipimo. Majina ya wavuvi yanaondoka kabla faili halijatoka nje.

Hapo ndipo seva inapoingia, na pengine usiihitaji kabisa. GBIF wanapokea deta kutoka taasisi, hawapokei kwa mtu mmoja mmoja, kwa hivyo taasisi moja kati yenu ijisajili kwa niaba ya wote, na za bahari zinafika OBIS pia, hazina kama hiyo ya viumbe wa bahari. Programu ya kuchapishia inaitwa IPT, unaweza kutumia ya wenzako walioiweka tayari. Leseni chagueni kwa pamoja, sie tumechukua CC BY, tumia utakavyo lakini tutaje.

Baada ya yote hayo rudisheni matokeo diko. Sie tulichapa grafu ya miezi sita kwenye karatasi kubwa tukaibandika pale wanapopimia, kuna wiki pweza walikuwa sifuri na mie nikaanza kueleza habari za mwamba kuchoka, mama mmoja akanikata, "Sifuri gani mwanangu, hayo maji mafu, hatukwenda." Yaani zile siku maji yanatoka kidogo tu. Sifuri ya kwenda ukakosa na sifuri ya kutokwenda tulikuwa tunaziandika sawa miezi yote hiyo. Kolamu ya walitoka wangapi tuliiongeza pale pale diko, nimekaa juu ya ndoo, na ya bamvua, maji yanapotoka sana, au maji mafu akaitaka yeye.