Somo: Kidhibiti cha Wi-Fi kikizimika, watumiaji wa tawini wasikatike

Nimeulizwa jambo hili mara nyingi mno, kwa hiyo naliandika mara moja. Mfano wangu ni kidhibiti cha Cisco (kifaa kinachoongoza Wi-Fi yote) kilichopo ofisi kuu Dar es Salaam, kikisimamia akses pointi (vifaa vinavyorusha Wi-Fi) za tawi la Morogoro.

1. Weka akses pointi za tawi katika hali ya FlexConnect, yaani hali ya Cisco inayoziruhusu kufanya kazi hata kidhibiti kisipofikika.

2. Ruhusu data ya watumiaji itokee kwenye swichi ya tawi, isisafiri hadi Dar es Salaam, na hakikisha mlango wa swichi unapitisha VLAN husika (mtandao uliotengwa ndani ya swichi).

3. DHCP, huduma inayogawa anwani za IP kwa vifaa, iwe kwenye ruta ya tawi.

4. Uthibitishaji. Mtandao wenye nenosiri moja la wote hauna tabu, kwa kuwa akses pointi hulihakiki yenyewe. Mtandao ambao kila mtumishi ana jina na nywila yake ndio ulioniumbua. Nilizima kidhibiti mchana kwa majaribio, hakuna aliyekatika, nikaondoka nikijisifu. Kilipokufa kweli usiku mmoja, kila aliyefika kazini asubuhi alikataliwa, kwani waliokwisha kuunganishwa huendelea lakini anayejiunga upya hana wa kumthibitisha. Niliweka basi seva ya RADIUS (inayohakiki majina na nywila) tawini na kuitaja kwenye kundi la FlexConnect, yaani mipangilio ya pamoja ya akses pointi za tawi, lakini bado ikakataa. Kumbe kidhibiti kikiwa hakipo, ombi hutoka kwenye anwani ya IP ya akses pointi yenyewe, na seva ilikuwa inakitambua kidhibiti peke yake. Sajili kila akses pointi kwenye seva pamoja na neno la siri la kati yake na seva, kisha jaribu kwa simu ambayo haijaunganishwa siku hiyo.

Swali: Nimefuata zote, haifanyi kazi.
Jibu: Simu inakataliwa, au inaunganishwa bila kupata IP? Ikiwa inakataliwa, soma tena hatua ya 4 hadi mwisho; ikiwa haipati IP, rudi hatua ya 2 na ya 3.

Swali: Si bora kununua vidhibiti viwili, kimoja kikifa kingine kishike?
Jibu: Ni vizuri, na sijakataza. Ila vyote viwili vikikaa Dar es Salaam na laini ya Morogoro ikakatika, utarudi kusoma somo hili.

Swali: Shuleni tunatumia UniFi (akses pointi za kampuni ya Ubiquiti), na programu ya usimamizi imo kwenye kompyuta ya mhasibu, ambaye huizima jioni. Kwa nini Wi-Fi haikatiki?
Jibu: Umeangalia vizuri. Katika UniFi programu hiyo hupanga mipangilio na kukusanya takwimu, lakini akses pointi huendelea na mipangilio ya mwisho iliyopewa. Kinachokufa ni ukurasa wa kuingilia wageni, ikiwa mnautumia. Hifadhi nakala ya mipangilio nje ya kompyuta hiyo.

Swali: Na umeme ukikatika?
Jibu: Akses pointi zinazolishwa umeme kwa waya wa mtandao huzimika pamoja na swichi, kwa hiyo UPS (betri ya akiba) ianzie kwenye swichi na ruta.