Mrushaji huru: piga hesabu hizi kabla timu haijamwaga wino

Katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, mchezaji aliyetimiza miaka 6 ya utumishi huwa huru mkataba wake unapoisha. Hakuna ada ya uhamisho kama kwenye soka. Gharama ni mshahara, na kwa kawaida mshahara huo umehakikishwa wote: akiumia bega mwezi wa kwanza, klabu inaendelea kulipa.

Hatua ya 1: Pima pengo lako

Msimu una mechi 162, kila moja ikiwa na ininga 9 (vipindi vya mchezo), na mrushaji ndiye anayemrushia mpigaji mpira. Warushaji wanaoanza mechi hubeba ininga 5 na kidogo kila mara, yaani takriban 850 kwa mwaka. Orodhesha warushaji ulio nao na ininga unazoweza kuzitegemea kwa kila mmoja. Tuseme ni 170, 150, 130, 90 na 80. Jumla ni 620, hivyo zimebaki 230.

Wengi huteleza hapa. Wanaona majina matano, wanasema kikosi kimejaa, kumbe ni nadra watano hao hao wafike mwisho wa msimu wakiwa wazima. Usiposajili, ininga hizo 230 zitarushwa na vijana watakaopandishwa kutoka Triple-A, ligi iliyo ngazi moja chini ya MLB. Tuchukulie kwamba hao huruhusu wastani wa pointi 5.20 kwa kila ininga 9.

Hatua ya 2: Mpime mrushaji kwa yaliyo mikononi mwake

ERA, yaani pointi anazobebeshwa mrushaji kwa kila ininga 9, huchanganya uwezo wake na ubora wa wadakaji walio nyuma yake, na bahati pia. Tumia FIP, kipimo kinachotazama hom rani (mpira uliopigwa hadi nje ya uwanja), bezi za bure (mpigaji anayepewa bezi kwa mirusho 4 mibovu), wapigaji waliogongwa na mpira na waliotolewa kwa straiki 3. Chukua wastani wa misimu 3, si msimu bora pekee. Mfano wetu: ininga 160 (180, 120 na 180), hom rani 22, bezi za bure 50, waliogongwa 6, waliotolewa kwa straiki 160.

Zidisha hom rani kwa 13: 286. Jumlisha bezi za bure na waliogongwa, zidisha kwa 3: 168. Zidisha idadi ya waliotolewa kwa straiki kwa 2: 320. Kisha 286 + 168 − 320 = 134. Gawanya kwa ininga 160, upate 0.84, uongeze 3.10, namba inayoisawazisha FIP na ERA ya ligi (hubadilika kidogo kila mwaka). Jibu ni 3.94. Ikiwa ERA yake ya msimu uliopita ilikuwa 3.10, wakala wake atauza 3.10. Wewe nunua 3.94.

Hatua ya 3: Geuza pointi kuwa fedha

Tofauti ya 5.20 na 3.94 ni 1.26. Zidisha kwa 160, gawanya kwa 9: ameokoa pointi 22.4. Takriban pointi 10 ni ushindi mmoja, kwa hiyo analeta ushindi 2.2. Tukiuthamini kila ushindi dola milioni 8, mwaka wa kwanza ni kama milioni 18.

Aliyevuka miaka 30 mpunguzie ushindi 0.5 kila mwaka: 2.2, 1.7, 1.2, 0.7. Miaka 3 inatoa milioni 41. Mwaka wa nne unaongeza chini ya milioni 6, lakini wakala atautaka kwa bei ile ile ya mwaka wa kwanza. Bishana naye zaidi kuhusu urefu wa mkataba kuliko mshahara wa mwaka.

Washington Nationals wameonja pande zote mbili. Max Scherzer, dola milioni 210 kwa miaka 7 mwaka 2015, aliwapa tuzo mbili za Cy Young (mrushaji bora wa mwaka) na ubingwa wa 2019. Stephen Strasburg, milioni 245 kwa miaka 7 baada ya ubingwa huo, alirusha mechi 8 tu, kisha mwili ukakataa. Kwa upande wa bei ya kati, Kansas City Royals walimpa Seth Lugo milioni 45 kwa miaka 3 na Michael Wacha milioni 32 kwa miaka 2. Timu iliyoshinda mechi 56 mwaka 2023 ikashinda 86 mwaka 2024. Kama pengo lako ni la ininga nyingi, mimi ningeanza na soko hili.

Hatua ya 4: Ongeza gharama zisizoandikwa kwenye mkataba

Kodi ya anasa, inayolipwa na klabu ambayo jumla ya mishahara yake imevuka kikomo cha ligi, hukokotolewa kwa wastani wa mkataba kwa mwaka. Mwaka 2025 kikomo kilikuwa milioni 241. Klabu iliyokivuka mwaka wa tatu mfululizo hulipa 50% juu ya kila dola ya ziada, kwa hiyo mrushaji wa milioni 18 anaweza kuigharimu milioni 27, kabla ya tozo za waliokivuka kwa mbali. Halafu kuna aliyekataa ofa ya mwaka mmoja ya klabu yake (milioni 21.05 mwishoni mwa 2024): ukimsajili unapoteza nafasi ya drafti (zamu ya kuchagua vijana wapya). Aliyeuzwa katikati ya msimu hapewi ofa hiyo, hivyo mwangalie kwanza.

Hatua ya 5: Kiwiko, na vifungu vya mkataba

Chora kasi ya mpira wake wa haraka mechi kwa mechi. Ikishuka maili 1.5 kwa saa mwezi wa Septemba, na mkono ukaanza kuachia mpira chini zaidi, omba picha za MRI za kiwiko kabla ya kutaja bei. Upasuaji wa Tommy John, wa kurekebisha kano ya kiwiko, humweka nje miezi 12 hadi 18.

Palipo na shaka, iga Boston Red Sox. Mkataba wa John Lackey wa 2010 ulisema akikosa muda mrefu kwa sababu ya kiwiko, klabu inapata mwaka wa ziada kwa mshahara wa chini. Alikosa msimu wote wa 2012. Mwaka huo wa ziada, kwa mshahara wa msingi wa takriban dola 500,000, ulitumika 2015 akiwa ameshauzwa kwa St. Louis Cardinals: ininga 218, ERA 2.77.

Kifungu cha kujitoa mapema nacho kipe bei. Akifanya vizuri anaondoka, akiharibu anabaki kwako. Blake Snell alisaini na San Francisco Giants Machi 2024 kwa miaka 2, milioni 62, akaondoka baada ya mmoja. Tena alianza vibaya, kwani aliyesaini siku chache kabla ya msimu hajapata mazoezi kamili ya maandalizi. Kwa mrushaji wa namna hiyo, rudi Hatua ya 1 umpunguzie ininga 20 hadi 30.