Ukiitwa lokesheni kama ekstra, kumbuka mkono uliotumia

Wewe ekstra, unayeitwa lokesheni, yaani mahali filamu inaporekodiwa, ukae mgahawani au upite njia nyuma ya staa, kitakachofanya uitwe tena ni kukumbuka ulichofanya. Tukio moja hurudiwa mara nyingi, kamera ikihamishwa pembe hii na ile. Kama ulinyanyua kikombe kwa mkono wa kulia staa aliposema "ondoka", kila mkirudia nyanyua kwa mkono huohuo, kwenye neno hilohilo. Ukibadilisha, mhariri anashindwa kuunganisha picha, na kipande ambacho mwenzako alilia machozi ya kweli kinaweza kutupwa. Inauma sana.

Mkiigiza mnapiga soga, chezesheni midomo bila sauti, maana maikrofoni inamsikiliza staa. Usitazame kamera. Ukikosea, endelea tu mpaka usikie "kata". Maswali mpelekee msaidizi wa mwongozaji, ndiye anayewapanga.

Nguo, kama hukupangiwa: epuka nyeupe pe, nembo kubwa na mistari myembamba iliyobanana, hiyo hucheza-cheza kwenye picha. Simu zima kabisa. Na picha za lokesheni usirushe mtandaoni mpaka watayarishaji waruhusu.