Simu Moja, Macho Sita: Namna ya Kuwapata Wasomaji Vijana wa Katuni za Mtandaoni Lubumbashi

Mchoraji anayeanza kuchapisha hadithi za michoro mtandaoni akiwa hapa Lubumbashi asiwahesabu wasomaji wake kwa idadi ya simu. Katika nyumba nyingi za mitaa yetu ya Katuba, Kenya au Ruashi simu yenye intaneti ni moja, mara nyingi ya mama au ya kaka mkubwa, na inapofika mikononi mwa watoto huzungukwa na vichwa vitatu au vinne: mmoja anaishika na kupitisha kidole, wa pili anasoma kwa sauti, na mdogo wao anatazama michoro tu. Hao wote ni wasomaji wako, na karibu kila shauri nitakalotoa hapa linatokana na watoto hao waliobanana mbele ya kioo kimoja.

Anza na ukubwa wa fremu, yaani kisanduku kimoja cha mchoro. Sehemu yangu ya kwanza niliichora kwenye karatasi ya A4 yenye fremu tisa, kama zilivyokuwa bede, vitabu vya katuni, tulizoazimana shuleni, nikaituma ikiwa faili moja nzito. Binti wa jirani mwenye miaka 12 alisubiri ifunguke, kisha akawa anakuza fremu mojamoja kwa vidole viwili. Alipofika ya nne, mdogo wake alikuwa ameshaondoka kwenda kucheza. Tangu siku hiyo nachora fremu zinazofuatana kwenda chini kama ngazi, kwa mtindo uliokuzwa Korea Kusini, ambako jukwaa la katuni la Webtoon lilianza mwaka 2004, kwa sababu mtindo huo ulikubali mapema kwamba msomaji wa mtandaoni hafungui ukurasa bali anateremka. Upana wa pikseli 800 unatosha. Ukimaliza kuandika maneno, shika simu kwa mkono ulionyooshwa: usichoweza kukisoma wewe kwa umbali huo, hatakisoma mtoto aliyesimama nyuma ya wenzake. Mimi sizidishi maneno kumi na mawili katika kiputo kimoja cha mazungumzo, na yakizidi naongeza fremu.

Uzito wa picha ni suala la heshima kwa mwenye simu, kwa kuwa mega zinazotumika ni zake. Fremu 12 zenye kilobaiti 150 kila moja hazifiki megabaiti 2, na hicho ndicho kipimo changu. Kumbuka pia kwamba WhatsApp huibana picha ya kawaida, hivyo mistari myembamba hufifia. Chora kwa wino mnene na herufi nene tangu mwanzo.

Jambo linalohitaji kazi kubwa zaidi ni lugha. Shule zetu hufundisha zaidi kwa Kifaransa, na watoto wengi wa mji huu wamezoea kusoma Kifaransa kuliko Kiswahili, ingawa Kiswahili ndicho wanachochekea na kugombania siku nzima. Nichukue fremu moja kama mfano. Mama amesimama mlangoni, bido (dumu) tupu la njano liko miguuni pake, na jua linazama nyuma ya dohani kubwa ya kiwanda cha shaba. Kwanza niliandika: «Watoto wamekwenda wapi? Nani atachota maji?» Kijana aliyekuwa akiwasomea wenzake aliyatamka maneno hayo kwa sauti iliyonyooka, kama anayesoma tangazo, na hakuna aliyejitingisha. Nikafuta, nikaandika: «Batoto beko wapi? Nani ataenda kuteka mayi?» Safari hii alibadili sauti mwenyewe, akaweka mkono kiunoni, na wenzake wakaangua kicheko kabla hajamaliza, kwa maana walikuwa wamemsikia mama yao.

Kwa hiyo nashauri viputo vizungumze Kiswahili cha Lubumbashi, na maelezo yaliyo nje ya viputo yabaki katika Kiswahili sanifu, ili msomaji wa Kalemie, Bukavu au hata Kigoma asipotee. Hilo si jambo geni. Jarida la katuni la Shujaaz, lililoanza mwaka 2010 nchini Kenya, liliwafuata vijana kwa Sheng, lugha yao ya mitaani, na mchoraji Papa Mfumu'eto wa Kinshasa, katika miaka ya 1990, alikuwa akichora na kuuza vijitabu vyake kwa Kilingala cha watu wa mjini. Hapa kwetu mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliandika maneno juu ya michoro yake ya historia ya nchi katika miaka ya 1970, na picha za aina hiyo zilitundikwa kwenye vyumba vya wageni vya watu wa kawaida, jambo linalonifanya niamini kwamba mji huu ulijua kusoma picha yenye maneno muda mrefu kabla ya simu. Sharti ni moja tu: amua tahajia na uishike. Ukiandika «mayi» katika sehemu ya kwanza, yawe «mayi» hadi mwisho, na uweke daftari la maamuzi hayo. Milio nayo iwe ya kwetu: jiwe likianguka majini, liseme «chubwi!»

Kabla ya kuanza hadithi ndefu, fanya zoezi hili. Desemba 2010, TP Mazembe ilipoifunga Internacional ya Brazil 2–0 na kuingia fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, kipa Kidiaba alishangilia kwa kurukaruka akiwa ameketi chini, na mruko huo bado unakumbukwa mjini. Uchore katika fremu nne bila neno lolote, kisha umwonyeshe mtoto asiyejua kusoma. Akiinuka na kuuiga, mfuatano wako wa picha unaeleweka. Akiuliza kipa anafanya nini, kuna fremu umeiruka.

Kuhusu njia ya kuwafikia wasomaji, uwe mwangalifu kuliko unavyoona ni lazima. Kundi la WhatsApp humwonyesha kila mwanakundi namba za wenzake wote, na namba ya mtoto haipaswi kuwa mikononi mwa watu asiowajua. Chaneli ya WhatsApp haiwaonyeshi wafuasi namba za wafuasi wengine, kwa hiyo chagua chaneli. Isitoshe, WhatsApp yenyewe hairuhusu walio chini ya miaka 13 kujifungulia akaunti, hivyo hadithi ya watoto wadogo uielekeze kwa wazazi na kaka zao, na useme wazi kwenye tangazo kwamba ni ya kusomwa pamoja. Sehemu ya hali (Status), ambako picha hudumu saa 24, inafaa kwa fremu moja ya kuonjesha, si kwa hadithi nzima.

Wasio na simu kabisa wapelekee karatasi. A4 moja ikikunjwa mara tatu hupata visehemu vinane. Ukiikunjua na kuikata kwenye mkunjo mrefu wa katikati, urefu wa visehemu viwili vya kati tu, inageuka kijitabu cha kurasa nane bila gundi wala pini, na fotokopi ya upande mmoja inatosha. Andika jina la chaneli kwenye ukurasa wa mwisho. Usikigawe shuleni kabla ya kuonana na mkurugenzi wa shule, na umpe akisome kwanza.

Ratiba yako ifuate kalenda ya masomo. Septemba, watoto wanaporudi darasani na kukutana tena, ni wakati mzuri wa kuanza mfululizo mpya, kwa sababu habari hupita dawatini haraka kuliko kwenye tangazo lolote. Karibu na mitihani ya mwisho wa mwaka, punguza. Sehemu fupi kila Jumamosi ni bora kuliko sehemu ndefu isiyojulikana itakuja lini, na mimi sitoi ya kwanza kabla ya kuwa na nyingine nne zilizokamilika, maana umeme ukikatika siku tatu mfululizo msomaji hapaswi kulipia shida hiyo.

Mwisho, kaa nao wanaposoma. Usiwaulize kama wamependa, kwa kuwa mtoto aliyelelewa vizuri atamwambia mkubwa kwamba amependa. Tazama kidole cha aliyeshika simu: mahali kinapopita haraka, pameandikwa mno, mahali kinaporudi juu, kuna jambo halikueleweka, mahali kinaposimama, usipaguse. Andika hayo daftarini pamoja na idadi ya vichwa, kisha ukachore sehemu inayofuata huku ukurasa huo ukiwa wazi mezani.